Nina masta ya fiziotherapia, nipo Dodoma, nataka PhD ya sayansi ya utengamao. Naanzia wapi wakuu?

FundiViungo_Dom

Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni.

Niende moja kwa moja. Mimi ni mfiziotherapia, nipo hospitali moja ya serikali hapa Dodoma huu mwaka wa 9, digrii ya kwanza nimesoma Moshi pale KCMC, masta nikapigia nje nikarudi miaka mitatu iliyopita, na toka nirudi hii kitu PhD imenikaa kichwani haitoki, mke wangu ameshachoka kuisikia. Nataka ya sayansi ya utengamao, siyo utawala wa hospitali siyo sijui nini, utengamao wenyewe, hii kazi ya kumrudisha mtu kwenye maisha yake baada ya kiharusi au ajali ya boda. Naombeni wenye uzoefu mnisaidie, nchi gani inafaa, hela inatoka wapi maana mishahara yetu mnaijua, na umri je? Nina 37, watoto wawili, mkopo wa benki na pagale Nala linasubiri bati.

Kuna jamaa pia ananishawishi nisome DPT (Doctor of Physical Therapy, digrii ya udaktari wa fiziotherapia) ya onlaini, anasema haina stresi, unasoma ukiwa kazini, ukimaliza unaitwa Dokta. Ni kweli au napigwa?

Halafu niwape na hii, wiki iliyopita ilinichekesha ikanichoma. Alikuja mzee wa Bahi, kiharusi, upande wa kulia, nauli kachangiwa na majirani. Nikatoa ile fomu ya Barthel nimpime anajitegemea kiasi gani, nikafika kipengele cha ngazi, nikamuuliza mzee unaweza kupanda ngazi? Akanitazama, akamtazama mwanae, akasema mwanangu ngazi ya wapi, mimi nyumba yangu ni tembe. Sasa hapo kwa sheria ya fomu ni sifuri, pointi 10 kati ya 100 zimeondoka hivihivi kwasababu mtu nyumbani kwake hakuna ghorofa. Na huyohuyo mzee anajiinamia mwenyewe kuingia mlangoni, anakaa kwenye kigoda na kuinuka kwa fimbo, na hayo kwenye fomu hayamo. Basi tukacheka, nikajaza, nikamwita anayefuata.

Nawasikiliza.

Kichwa_Ngumu255

PhD ya mazoezi??? 😂😂 yaani miaka minne mitano unasomea kumwambia mtu kunja, kunjua, kunja, kunjua? Mkuu hiyo nguvu nunua bajaji mbili uweke route ya Nkuhungu utanishukuru

FundiViungo_Dom

Nikiweka bajaji nitakuwa najiongezea wagonjwa tu mkuu 😂

Mama_Utengamao

Mdogo wangu pole na hongera. Umri uondoe kwenye list, mimi nilianza nikiwa na 41 na mtoto wa mwisho ananyonya, nikamaliza, na goti langu mwenyewe limeshaanza kudai fiziotherapia.

Posti yako nimeisoma kuanzia chini kwenda juu. Umeuliza nchi, hela, umri, na hiyo DPT, halafu mwishoni ukatupia stori ya mzee wa Bahi kama bonasi. Mdogo wangu, hiyo bonasi ndiyo PhD. Hayo mengine yote ni usafiri wa kuifikia.

Ngoja nikuambie kwanini. Hiyo Barthel ilichapishwa 1965 na watu wa Maryland Marekani kwa wagonjwa wao, wenye nyumba zao na vyoo vyao, na kwa kazi yake ni fomu nzuri tu, vipengele 10, dakika chache umemaliza. Kosa ni letu tunaoichukua ilivyo tukatafsiri maneno tukaacha maisha. Sayansi ya utengamao ndiyo inahusika hapo hapo. WHO walitoa mfumo wao wa ICF 2001, nadhani umeusoma masta, unasema ulemavu hauko kwenye mguu peke yake, kuna mwili, kuna shughuli mtu anazofanya, kuna kushiriki kwake kwenye jamii, na kuna mazingira yanayombana au kumbeba. Sasa mzee wako mwili umeharibika upande mmoja, shughuli anafanya nusu, na je kushiriki? Anaenda kilabuni? Anakaa kwenye kikao cha ukoo? Anafika shamba la uwele hata kuamia ndege? Nani amempima hayo? Wewe ulimpima ngazi.

Ukitaka kulifanya kuwa utafiti kazi yake ni ndefu na ina utaratibu. Unaanza kukaa na wagonjwa wenyewe na ndugu zao unawauliza kupona kwao maana yake nini, unarekodi, unaandika neno kwa neno. Unachukua fomu iliyopo, watu wawili wanatafsiri kila mtu kivyake, mnalinganisha, halafu mtu mwingine ambaye hajawahi kuiona ya kiingereza anairudisha kiingereza muone kama bado ni kitu kilekile. Unarudi kwa wagonjwa unawauliza nilivyosema hivi umeelewa nini, hapo ndipo utacheka mpaka ulie. Kisha unaijaribu kwa watu wa kutosha, wapimaji wawili tofauti mgonjwa mmoja, siku tofauti, uone namba zinasimama au zinayumba. Ukimaliza hayo vizuri una makala tatu nne za jarida na una tasnifu.

Mimi nilisoma Afrika Kusini. Kule PhD yao kwa kawaida ni utafiti mtupu, hakuna madarasa, unaingia na propozo na supavaiza, unatoka na tasnifu. Western Cape, Stellenbosch na Cape Town wote wanasimamia watu wa fani zetu, na pale Western Cape Waafrika wenzetu waliopita idara ya fiziotherapia ni wengi. Kuna vyuo ada ya watu wa SADC inakaribia ya wenyeji, ila kuna tozo za wageni juu yake, usome mwenyewe ukurasa wa ada wa chuo husika usije ukaniambia dada uliniambia. Faida yake ni kwamba data unakusanyia nyumbani na mshahara unaweza kuendelea kama mwajiri amekupa ruhusa ya maandishi. Nasema YA MAANDISHI. Hasara ni upweke, yaani unakuwa Dodoma peke yako na laptop usiku, hakuna wa kumuuliza hili jedwali limekaa sawa, watoto wanagonga mlango, umeme nao unakata.

Na usisahau vibali. Maadili ya chuo, halafu NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), halafu barua za mkoa na halmashauri kama unaingia vijijini. Fomu ya ridhaa iwe ya kiswahili kinachoeleweka, siyo kile cha mahakamani. Ukitaka kuchapisha makala unarudi tena NIMR kuomba ruhusa ya kuchapisha, watu wengi hili linawashtua mwisho kabisa. Kwa hilo wewe una bahati, TAMISEMI ipo hapohapo Mtumba, sisi wa mikoani tulikuwa tunapanda basi kufuata barua moja.

Bado_Nipo_Darasani

Mkuu mimi ni mtu wa tiba kwa vitendo (occupational therapy, kumrudisha mtu kwenye shughuli zake za kila siku), nipo Marekani mwaka wa tatu wa PhD yenyewe hiyo ya sayansi ya utengamao kwahiyo nikupe ya huku.

Kwanza DPT. Hupigwi sana ila unauziwa kitu kingine. DPT huku ni digrii ya kuingilia kazini, mtu anasoma kama miaka mitatu baada ya digrii ya kwanza ndiyo anaruhusiwa kumshika mgonjwa, ni ya kliniki. Hizo za onlaini ni kwa ajili ya wale waliosoma zamani wajazie pengo. Haikufundishi kutafiti, na ukiipeleka chuo kikuu hapo nyumbani kutafuta uhadhiri kwa kusema hii ni PhD unaweza kupata aibu ya bure. Kabla hujalipa hata senti waulize TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanaitambua kama nini, wao ndiyo wanalinganisha tuzo za nje.

PhD ya huku sasa. Inatofautiana na aliyoisema dada hapo juu, huku kuna darasa, na darasa kwelikweli, miaka miwili ya mwanzo nilijiona mjinga. Takwimu tu ni kozi tatu nne. Kuna nadharia za ulemavu, kuna bayomekaniki, kuna ubongo na mishipa ya fahamu, inategemea umeingia maabara ya nani. Darasani kwangu fizio ni wachache, kuna mainjinia wanaotengeneza mikono bandia, kuna watu wa tiba ya matamshi, kuna muuguzi, kuna jamaa mwenyewe yupo kwenye kiti mwendo na ndiye anayetunyoosha tukianza kuongea upuuzi. Mimi hicho ndicho nilichokipenda. Nilivyokuwa nyumbani nilidhani utengamao ni fizio na wale wa kuchezesha watoto (samahani ndiyo tunavyoitwa) basi. Baada ya madarasa kuna mtihani mkubwa, ukiuvuka ndiyo unaruhusiwa kushika tasnifu, ukifeli mara mbili sehemu nyingi unaonyeshwa mlango.

Vyuo: Pittsburgh, Florida, Boston wana PhD yenye jina hilohilo, Kanada kuna UBC, McMaster, Toronto. Usiombe kwa kufuata jina la chuo. Huku unaajiriwa na mtu karibu sawa na kusema unaolewa, kama profesa hana hela wala hakutaki hakuna kitakachoendelea hata ungekuwa na A tupu. Akikutaka unapewa asistantishipu, ada inalipwa, unapewa posho ya mwezi, unafundisha au unafanya kazi maabara yake. Kwa viza ya mwanafunzi mwisho ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo kwahiyo msidanganywe kwamba mtu anasoma huku anapiga mishe tatu. Posho inatosha mtu mmoja. MMOJA. Kuleta familia ni hesabu nyingine na mimi ya kwangu ipo Singida, mwanangu ananijua kwenye simu.

Na hela za utafiti huku mwaka 2025 zimetikisika vibaya, kuna wenzangu supavaiza wao kakatiwa fandi katikati, kwahiyo ukiongea na profesa muulize bila aibu, hela yako ni ya miaka mingapi?

Sweden nao nasikia raha sana, nafasi ya PhD inatangazwa kama ajira, una mshahara. Ila ushindani wake siyo mchezo.

Kichwa_Ngumu255

Sasa hapa ndiyo mnaanza kunishawishi, kumbe kuna mpaka injinia 😅 swali la kweli sasa siyo utani, mkishasoma hayo yote mgonjwa wa pale hospitali ya General anafaidika nini? Maana madokta wa PhD wengi nawaona kwenye makongamano tu wanakula samosa

Mama_Utengamao

Swali zuri na samosa ni kweli 😂

Faida ni kwamba bila namba hakuna bajeti. Watafiti walipiga hesabu, ikatoka kwenye jarida la tiba la Lancet 2020, kwamba mwaka 2019 watu bilioni 2.41 duniani walikuwa na hali ambayo utengamao ungewasaidia. WHO walishapiga kelele toka 2017, na Mei 2023 mkutano mkuu wa afya wa dunia ukapitisha azimio zima la utengamao ndani ya mifumo ya afya. Sawa. Ila nenda na hiyo bilioni mbili kwa mganga mkuu wa wilaya umuombe ajiri fizio mmoja zaidi, atakuitikia kwa kichwa akuage vizuri. Mpelekee karatasi inayosema wagonjwa wa kiharusi waliotoka hospitali yako mwaka huu, wangapi wameshindwa kurudi kliniki, wangapi baada ya miezi sita wapo kitandani na wana vidonda vya mgongo, na kila mmoja anakula siku ngapi za kulazwa. Hapo anavuta kiti. Hiyo karatasi nani ataiandika kama siyo mtu aliyefundishwa kuiandika?

Mwaka_wa_Saba

Nimewasoma nyote, naleta upande wa pili ili ndugu aingie macho wazi. Jina langu linajieleza.

Mimi nilipata chuo, nje, skolashipu, nikaagwa na sherehe kabisa, mbuzi akachinjwa. Mwaka wa pili supavaiza wangu akahamia nchi nyingine. Nikapewa mwingine mtu mwema lakini fani yake ni moyo, mimi natafiti watoto wenye mtindio wa ubongo, akawa ananiambia sahihisha kiingereza basi. Data nikakusanya Manyoni na Singida, mvua zikaanza, barabara zikakatika, nusu ya akina mama sikuwaona tena. Skolashipu ikaisha mwaka wa nne kama mkataba ulivyosema. Toka hapo najilipia, nafanya kazi mchana, naandika usiku, na kila kikao cha ukoo naulizwa DOKTA UNAMALIZA LINI.

Sijajuta, naona sura mbili za mwisho zinaenda. Ila ningerudi nyuma ningefanya hivi. Ningetaka wasimamizi wawili toka siku ya kwanza, mmoja nje mmoja hapa Tanzania, na wa hapa awe anajua barabara ya kijijini ikoje. Ningeuliza wanafunzi wake wa zamani, siyo kusoma sifa zake mtandaoni, niwapigie, jamaa anajibu imeli? anasoma rasimu? Na ningepunguza swali. Nilitaka kuokoa watoto wa kanda ya kati yote, kumbe kinachotakiwa ni swali dogo ulimalize.

Kwa hela, ndugu angalia Jumuiya ya Madola, wana skolashipu za PhD na wana ile ya kugawanya, unasajiliwa chuo cha nyumbani unaenda Uingereza mpaka miezi 12. Ila hiyo inataka uwe umesajiliwa nyumbani kwanza, na hapo wengi wanajiandikisha MUHAS (chuo kikuu cha afya Muhimbili) au KCMC chini ya mwavuli wa afya ya jamii huku mada yenyewe ni utengamao. Najua umesema unataka utengamao wenyewe. Ukiwa na njaa ya PhD usichague sahani mkuu.

Na kuhusu cheo, kama unabaki hospitali usitegemee kuamka siku inayofuata mshahara umebadilika. PhD inalipa ukihamia chuoni, pale mwenye masta ni mhadhiri msaidizi na mwenye PhD ni mhadhiri, mstari umechorwa. Hospitali wodi ni ileile na kitanda kibovu ni kilekile.

Binti_Kongwa

Samahani mimi siyo msomi wa hayo mambo nimeingia humu natafuta namna ya kumgeuza mama kitandani nikakutana na uzi wenu nikausoma wote.

Mama yangu alipata kiharusi mwaka jana. Tulienda mazoezi mara nne, ya tano nauli ikakosekana, toka hapo ni mimi na mdogo wangu. Choo chetu ni cha shimo, mama hawezi kuchuchumaa, tulikuwa tunambeba wawili mmoja kwapani mmoja miguuni, mimi mgongo ukaniisha. Fundi seremala wa hapa kijijini akatuangalia siku moja akaondoka kimya, kesho yake karudi na kiti cha mbao cha kawaida cha kulia chakula katoboa tundu katikati kalisugua msasa lisimchubue, miguu ya nyuma kaiongezea vibao isizame. Elfu kumi na tano, na tukamlipa kidogokidogo. Sasa mama anaenda chooni na mtu mmoja tu tena kwa kushikwa mkono, na mchana anaomba tukitoe kiti nje akae aone wapita njia.

Hospitali hakuna aliyetuuliza choo chenu kikoje. Kaka mwenye uzi ukitunga hiyo fomu yako weka hilo swali, na weka na swali la anayembeba, maana mimi hakuna aliyewahi kunipima.

Bado_Nipo_Darasani

Nimesoma hii mara tatu. Dada pole sana na mpe mama salamu. Kumgeuza: usimvute mkono ule ulioathirika, kunja magoti yake yote mawili kwanza, weka mkono wako mmoja nyuma ya bega na mwingine kwenye nyonga, mgeuze kwa pamoja kama gogo huku wewe umekunja magoti, siyo mgongo. Kila masaa mawili kama analala muda mrefu, na uangalie ngozi ya makalioni na visigino kila siku, ukiona wekundu hauondoki usisubiri mpeleke kituo cha afya. Njoo PM nikuelekeze vizuri kwa video.

Na huyo fundi seremala angekuwa darasani kwangu angewafundisha wale mainjinia.

FundiViungo_Dom

Wakuu nimerudi, samahani nilipotea wiki mbili.

DPT nimeachana nayo. Niliandika imeli tano, nne kimya. Moja imejibiwa, profesa wa Afrika Kusini, kajibu mistari mitatu tu. Kasema wazo la fomu na tembe limemvutia, kaniuliza wagonjwa wa kiharusi mnaona wangapi kwa mwaka na wanatoka umbali gani. Nikasema hilo rahisi. Jumamosi nikakaa na rejista za mazoezi toka asubuhi, chai ikapoa, mpaka saa kumi. Idadi nimeipata. Umbali sasa, safu ya anwani karibu nusu imeandikwa "Dodoma". Basi. Mtu wa Kondoa Dodoma, wa Mpwapwa Dodoma, wa Makole hapa jirani Dodoma. Na mwandiko mwingine ni wa kwangu mimi mwenyewe. Nimeona aibu.

Jumatatu nimechukua rula nikachora safu mbili mpya, kijiji, na choo cha aina gani. Binti Kongwa hiyo ya pili ni ya kwako. Wenzangu wamenicheka kidogo ila wanajaza. Ya anayembeba nayo naitafutia nafasi, karatasi imeisha upana 😅

Profesa nimemjibu ukweli kama ulivyo, nikamtumia na picha ya ukurasa nikiwa nimefunika majina. Nasubiri.

Swali sasa: wagonjwa wangu wazee wengi kiswahili wanakisikia ila wakitaka kueleza maumivu wanarudi kigogo. Nahitaji mtu wa kunisaidia tafsiri, kigogo kilichonyooka, na mwingine asiyeijua hiyo fomu kabisa aje kuirudisha. Kuna mwenye mtu?

Kichwa_Ngumu255

Bibi yangu yupo Mvumi, kiswahili chake ni cha kuombea chumvi tu kwahiyo hiyo fomu hajaiona na hataiona 😂 Ila usimuulize habari za ngazi atakusema mpaka ukome. Jumapili nina safari ya kumpelekea unga, nikupitie saa ngapi?